Nyumba Nilizozitia Saruji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bisibisi kuukuu na kuamriwa nikatafute uozo. Nilikuwa nimetoka kusini, upande wa Masasi, na cheti cha useremala kutoka karakana ya misheni, na kwa akili yangu nilikuwa fundi kamili. Nilijua kuchonga ulimi wa fremu ukaingia tunduni bila gundi. Nilijua kupiga randa mpaka ubao ukateleza kama sabuni. Nyapara wa karakana ya serikali pale mtaa wa Gerezani, Dar, mzee wa Kizaramo mwenye kopo la ugoro kwenye mfuko wa shati, alikisoma cheti changu mbele na nyuma, kisha akanirudishia.

"Severini," akasema, "hiki kinasema unajua kutengeneza kipya. Sisi hapa tunatengeneza vilivyokufa nusu. Chukua hiyo bisibisi, panda darini, ukishuka uniambie mti upi mzima na upi mgonjwa."

"Nitaujuaje, mzee?"

"Ugonge, usikilize. Halafu uchome. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, huyo mgonjwa. Na usiangalie rangi. Mjini hapa rangi ndiyo inayodanganya watu."

Nilikaa darini mpaka adhuhuri pamoja na popo, nikashuka na kutangaza kwamba miti yote ni mizima. Nyapara akapanda mwenyewe na magoti yake mabovu. Aliporudi, ncha ya bisibisi ilikuwa imejaa unga. Miti minne ilikuwa imeliwa na mchwa kwa ndani, limebaki ganda tu, na mimi nilikuwa nimeigonga yote na kuipita. Hakunitukana. Alinirudisha juu baada ya chakula, na kesho yake, na siku zote za wiki mbili zilizofuata. Wenzangu wakaniita Kigong'ota, yule ndege anayedonoa miti, na jina hilo lilinikaa miaka mingi.

Nawaeleza haya vijana mnaoingia kazini leo kwa sababu naona mnavyofunika. Dari imeoza, mnapachika jipsamu chini yake, mnazungushia taa za rangi, mwenye nyumba anapiga picha. Mti ulioko juu ya jipsamu hauna habari na taa zenu. Unaendelea kuoza.

Wakati wetu nyumba za katikati ya mji zilikuwa za aina mbili. Kariakoo kulikuwa na nyumba za miti na udongo zenye paa la bati, ukumbi katikati na vyumba pande zote. Hizo tulizitengeneza kama mtu anavyoshona nguo: unatoa mti mmoja ukutani, unaingiza mwingine, unakandika. Mchafukoge na mitaa ya jirani kulikuwa na nyumba za ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, duka chini na familia juu. Sakafu ya juu ilibebwa na boriti, yaani miti minene ya mvule iliyolala kutoka ukuta hadi ukuta, na kila ncha ya boriti ilizama ndani ya ukuta kiasi cha kiganja na nusu. Ile ncha iliyozama tuliiita kichwa. Boriti haifi katikati, mahali unapoiona. Inafia kichwani, ndani ya ukuta, kimya kimya.

Nyapara alinifundisha kuhusu vichwa hivyo jambo moja ambalo laiti ningelishika lingeniepusha na mengi. Alisema kichwa cha boriti kilazwe juu ya jiwe kavu, kizungushiwe chokaa laini, na pembeni kiachiwe nafasi ya kidole ili kipumue. Nilimsikia vizuri. Nilimjibu "ndiyo mzee" kwa sauti.

Baada ya miaka sita Gerezani nilihamishiwa kwenye maghala ya karibu na bandari, chini ya Mhandisi Msaidizi aliyependa kimya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Yeye ndiye aliyenifundisha kunyanyua. Paa likilegea, huwezi kulisukuma kwa pupa. Unasimamisha mirunda, ile miti mirefu mnayoiona chini ya zege bichi, unaweka jeki chini yake, na unazungusha. "Mzunguko mmoja asubuhi, mmoja jioni," alikuwa akisema. "Nyumba imeinama kwa miaka hamsini. Wewe nani uinyooshe kwa siku moja?" Hapo bandarini nilikutana pia na Kondo, fundi mwenzangu, ambaye tulifanya kazi pamoja mpaka mwisho. Kondo alikuwa na nguvu za watu wawili na maneno ya watu wanne.

Kisha watumishi wa serikali tukapunguzwa, na mimi na Kondo tukaingia kwenye kampuni moja ya ukandarasi. Kampuni yenyewe haipo tena. Msimamizi wetu alikuwa kijana msafi, viatu vinang'aa hata eneo la kazi, na alikuwa na haraka. Ilipofika zamu ya kutengeneza vichwa vya boriti nilimwambia tunahitaji chokaa, na chokaa ya kazi hiyo hulowekwa shimoni wiki kadhaa ndipo inakuwa laini kama siagi. Akanitazama kama nimemwomba likizo.

"Severini, hatujengi msikiti wa Kilwa hapa. Tia saruji, kaza, piga lipu, twende kwingine."

Ningependa kuwaambia nilibisha. Sikubisha. Ukweli ni kwamba niliipenda saruji. Asubuhi unaimwaga, kesho yake ni jiwe. Wenye nyumba waliipiga ngumi na kufurahi, wakasema sasa imekaza. Nilijaza saruji kuzunguka kila kichwa mpaka hakuna nafasi ya kupitisha hata unywele, nikalainisha kwa mwiko, na kabla haijakauka nilichora alama yangu kwa msumari: mistari mitatu iliyosimama na mmoja unaoikata. Tuliitumia kule misheni kutambua kazi ya kila mwanafunzi. Ilikuwa majivuno matupu, kwani lipu ilikuja juu yake na hakuna aliyeiona.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana bado nakutana na mafundi wanaolirudia. Masika yakipiga ukuta wa mawe, maji hupenya kidogo kidogo mpaka kwenye mti. Kama umezungukwa na chokaa, kiangazi kikija yale maji hutoka tena na mti hukauka. Saruji hairuhusu kitu kutoka. Maji yanabaki humo mwaka mzima, na mti unavunda kama mguu ndani ya buti lililolowa. Kwa nje ukuta ni imara, rangi ni nzuri, na ndani kichwa cha boriti kinageuka unga.

Miongoni mwa nyumba tulizofanya hivyo ilikuwamo ya mume wa Bi Zuhura, Mchafukoge. Ilikuwa na boriti kumi na nne. Tano kati ya hizo vichwa vyake vilikuwa vimeanza kulainika upande wa uchochoroni kwa sababu gata la paa lilikuwa limetoboka na kumwaga maji ukutani. Nilikata palipolainika, nikaunga vipande vipya, nikavizungushia saruji yangu. Siku zote kumi za kazi ile Bi Zuhura, wakati huo mama wa makamo, alituletea chai ya tangawizi na vitumbua, akasimama chini ya ngazi kututania. Alisema watu wa kusini tunakula kama tumetumwa. Kondo akamjibu kwamba yeye ni wa hapahapa Dar na anakula zaidi. Tulipomaliza, mumewe akanishika mkono na kuniombea dua.

Miaka ikapita, zaidi ya ishirini. Mimi na Kondo tukawa mafundi wa kujitegemea. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu niliojiwekea kabla ya kutundika msumeno, ndipo Bi Zuhura akaniita. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Yeye mwenyewe alikuwa amekuwa ajuza, mwembamba, macho makali yale yale. Alinionyesha barua kutoka manispaa. Sakafu ya juu ilikuwa imezama kwa upande mmoja na bonge la lipu lilikuwa limeanguka uchochoroni, nusura limpige mpita njia. Barua ilisema nyumba ni ya hatari. Baada ya siku kumi na nne mhandisi angekuja, na kama asingeridhika kwamba inatengenezeka, ingebomolewa.

"Nimewaambia wamtafute fundi wa kusini," akasema. "Wewe ulitutengenezea vizuri, marehemu alikusifu mpaka anaingia kaburini."

Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye ukuta wa uchochoroni.

Nyumba ile ilikuwa mali ya ukoo, na mtoto wa kaka yake, Muhidini, alikuwa na sehemu yake. Sitamsema vibaya. Alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye akili, na alikuwa anaona majirani wote wamepandisha ghorofa kumi. Kwake ile barua ilikuwa heri. Alikuja siku ileile, akakaa kwenye kigoda mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, tumeshaongea hili. Ikibomolewa tunajenga kitu cha maana. Nakupa chumba chako, kina lifti, kina kila kitu."

"Na mpaka hiyo lifti ifike, mimi nitakuwa wapi?"

"Utakaa kwangu Mbagala."

"Muhidini, mimi nimezaliwa chumba kile pale, nimeolewa na binamu yangu nikabaki chumba kile pale, na eda nimekaa chumba kile pale. Mbagala nakwenda kumtafuta nani?"

Muhidini akanigeukia. "Mzee, wewe mtu mzima. Mwambie ukweli. Hii nyumba imeisha."

Nilisema nitaangalia. Niligonga boriti zote kumi na nne kutokea chini, katikati na karibu na kuta. Upande wa uchochoroni tano zilitoa sauti ya debe tupu. Nilijua ni zipi kabla sijagonga. Usiku ule sikuonja chakula, na mke wangu alidhani ni malaria.

Siku kumi na nne zilipotimia Mhandisi wa manispaa akaja, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, kofia nyeupe kichwani na daftari mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

Alinitaka nitindue lipu kwenye kichwa kimoja ili aone. Muhidini alikuwa amesimama karibu yake na Bi Zuhura ameketi mlangoni. Nikapanda ngazi, Kondo akaishika chini. Nilitindua lipu, nikafika kwenye saruji, nikagonga patasi mara tatu, na bonge likaachia lenyewe na kuangukia kiganjani mwangu. Lilikuwa na mistari mitatu na mmoja unaoikata. Nyuma yake kichwa cha boriti kilikuwa cheusi, na nilipokigusa kidole kiliingia.

Ndoo ya kifusi ilikuwa imening'inia ubavuni mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua vidole tu, bonge litumbukie humo na alama yake.

"Umeona nini, mzee?" Mhandisi akauliza kutoka chini.

"Uozo."

"Wa kiasi gani?"

"Urefu wa mkono, mpaka kwenye kiwiko."

"Na nyingine zitakuwa hivyohivyo," Muhidini akasema. "Mhandisi, andika tu, tusipotezeane muda."

Yule binti hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alitazama juu, akahesabu boriti kwa kalamu. "Mzee, nikuambie ukweli. Hizi zote ni za mti mmoja, umri mmoja, ukuta mmoja. Nikiona moja iko hivi, lazima nichukulie zote kumi na nne ziko hivi, na hapo nyumba haitengenezeki. Labda mtu anipe sababu kwa nini hii imeoza na nyingine zisioze."

Sababu nilikuwa nimeishika mkononi. Pale juu ya ngazi, nawaambieni bila kuficha, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa urefu wowote. Miaka arobaini ya jina zuri mjini ilikuwa imeshikwa na vidole vitano. Nikimwambia, hakuna atakayenipa tena hata mlango wa choo. Nisipomwambia, ajuza yule anatolewa nyumbani kwake kwa kosa langu, huku ananishukuru.

Nikashuka. Nikampa Mhandisi lile bonge.

"Hii ni saruji, na hiyo ni alama yangu," nikasema. "Boriti tano za upande huu nilizitengeneza mimi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nilizikaba kwa saruji, zikakosa pumzi, zikaoza. Hizo tisa nyingine sikuzigusa. Ziko kwenye chokaa ya wale waliojenga, na ni nzima."

Muhidini alicheka, kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Shangazi, umemsikia mtu wako? Yaani aliyeua ndiye anayetaka kufufua."

Bi Zuhura alikuwa ananitazama mimi.

"Una hakika na tano?" Mhandisi akauliza.

Nilichukua chaki, nikaziwekea alama tano zangu. "Chagua yoyote kati ya zilizobaki. Tutaifungua mbele yako. Ikiwa imeoza, andika ibomolewe, nami nitashika nyundo ya kwanza."

Akachagua mbili, tena mbali na mbali, moja kati ya hizo ikiwa jirani kabisa na ya kwangu. Nilipotindua, chokaa ilimwagika kama unga wa sembe, na ndani mvule ulikuwa mwekundu, mkavu. Mhandisi alipanda mwenyewe na bisibisi. Ya kwanza iligoma. Akaegemea kwa uzito wake wote. Iligoma. Ya pili ikawa vilevile. Akashuka, akaandika kwa muda mrefu, akasema anatoa siku ishirini na moja, na atapima kwa mzigo kabla ya kusaini.

Walipoondoka yeye na Muhidini, nilibaki nimesimama mbele ya Bi Zuhura kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Siku kumi ulikunywa chai yangu," akasema.

"Nilikunywa, bibi."

"Na ulijua?"

"Nilifundishwa njia sahihi. Nikapenda njia fupi."

Akaitazama sakafu yake iliyoinama. "Basi malizia kazi uliyoianza. Na safari hii chai hakuna."

Hakutania. Siku zote ishirini na moja hatukupata hata maji ya kunywa, na Kondo, ambaye hakuwa na hatia zaidi ya kuchanganya saruji niliyomwagiza, alivumilia pamoja nami. Tulisimamisha mirunda chini ya boriti zote tano, tukaweka jeki, tukanyanyua kwa mzunguko mmoja asubuhi na mmoja jioni, kila mara tukisikiliza kuta. Gata tulibadilisha kwanza, maana ni ujinga kumtibu mgonjwa huku bado analala kwenye maji. Mbao mpya zinazouzwa Keko zilikuwa mbichi mno, zingejikunja kabla ya mwaka kwisha. Nilizunguka Kariakoo kwenye nyumba zilizokuwa zinabomolewa, nikapata boriti za mvule zilizokauka tangu enzi za babu, wenyewe wakitaka kuzifanya kuni. Chokaa tuliipata kwa wachomaji wa pwani ya kaskazini, pipa zima lililokwisha kulowekwa.

Kuunga boriti ni hivi. Unakata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye mti mzima, kisha unaongeza shubiri moja zaidi, kwa sababu uozo hutangulia macho. Ncha ya mti wa zamani unaikata mshazari mrefu, na ya kipande kipya unaikata mshazari unaolingana nayo, vilale kimoja juu ya kingine bila mwanga kupita kati yake. Unapitisha bolti nne, unakaza pole pole, siku ya pili unakaza tena. Kisha kichwa kipya kinalala juu ya jiwe kavu, chokaa laini kukizunguka, na nafasi ya kidole.

Boriti nne zilikwenda hivyo. Ya tano, siku ya kumi na tatu, ilitushinda. Kila tulipokata tulikuta uozo umetangulia, mpaka tukakaribia katikati ya chumba, na katikati hapaungwi. Kondo aliketi juu ya kifusi, akasema labda Muhidini alikuwa na haki. Nilimkemea kwa maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Kesho yake nilirudi Kariakoo, nikatafuta mpaka saa kumi jioni, na nikapata kwa mbomoaji mmoja boriti nzima iliyotosha kutoka ukuta hadi ukuta, imezidi kwa vidole viwili tu. Tuliisukuma kwa mkokoteni mimi na Kondo, wazee wawili, tukipishana na wabeba mizigo waliotuuliza kama tunajenga safina.

Siku ya ishirini na moja Mhandisi alileta mapipa. Yakapangwa juu, kwenye chumba cha Bi Zuhura, yakajazwa maji mpaka pomoni. Chini nilikuwa nimevuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta ili uonyeshe sakafu ikishuka. Katika kazi yetu kuna desturi ambayo haijaandikwa popote: mirunda ikitolewa, aliyekata kiungo ndiye anayesimama chini yake. Nikamwambia Kondo atoke nje. Bi Zuhura naye akajikongoja kuja kusimama nami chini ya boriti.

"Hapana, bibi. Hapa pangu."

Nikatoa mirunda mmoja baada ya mwingine. Ulipotoka wa mwisho, boriti zikatoa mlio mmoja mfupi, zikakaa. Mhandisi alipima uzi. Sakafu ilikuwa imeshuka unene wa njiti ya kiberiti. Tuliyaacha mapipa mpaka kesho yake mchana, akapima tena, haikuwa imeongezeka. Akasaini juu ya goti lake. Muhidini aliitazama karatasi, akapiga boriti kwa kiganja, akasema, "Haya mzee. Umeweza." Bi Zuhura alipanda ngazi polepole, hatua kwa hatua, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mimi nililia pale pale kwenye kifusi, na sioni haya kulisema.

Mngedhani hapo ndipo nilipostaafu kwa amani. Lakini nilipokuwa napaki zana zangu nilianza kukumbuka. Nyumba ya Bi Zuhura haikuwa peke yake. Nilichukua kalenda ya zamani, nikaandika nyuma yake kila nyumba nyingine niliyowahi kukaba vichwa kwa saruji. Zilifika kumi na tisa. Kondo akanisaidia kukumbuka mbili nilizozisahau, au nilizotaka kuzisahau. Nikaanza kuzizungukia kwa miguu. Kumi na nne zimeshabomolewa, ghorofa zimesimama juu yake, na Mungu anisamehe, kila nilipokuta ghorofa nilishusha pumzi. Saba zilikuwa bado zipo.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi yangu ya uzeeni. Ninapiga hodi, nasalimia, nasema mimi ndiye niliyeharibu boriti zenu, naomba nizigonge. Wengine wameniita tapeli. Mama mmoja alinipa nauli akidhani nimepotea nyumbani. Mmoja alitaka kunipeleka polisi, kisha akanipeleka juu, na tukakuta vichwa viwili vimeisha kabisa juu ya kitanda cha wazazi wake. Sita nimeziona kwa macho yangu, na sita zimetengenezwa au zinatengenezwa na mafundi vijana, mimi nikisimama pembeni na kusema neno chokaa mpaka wananichoka. Nanyi nawaomba hilo tu: mkikosea, andikeni mlipokosea mngali na miguu ya kurudi.

Imebaki moja, karibu na Mnazi Mmoja. Chini kuna duka la vitenge, juu kuna wapangaji. Nimekwenda mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa wiki hii.

"Mzee wangu," mwenye duka akaniambia, "mwanzo nilidhani unataka kazi, nikakwambia sina kazi. Sasa unasema ulikosea. Nani anakuja mwenyewe kusema amekosea? Sema unachotaka."

"Nataka dakika tano na ngazi."

"Nyumba hii imekaza. Angalia ukuta huo."

Akaupiga ngumi. Juu yetu watoto wa wapangaji walikuwa wametoka shule, wanakimbizana kutoka chumba hadi chumba, na kila walipopita upande wa ukutani vumbi jembamba la rangi ya kahawia lilidondoka juu ya vitenge. Nalijua vumbi lile. Halitoki barabarani. Mwenye duka alilipangusa kwa kiganja bila kulitazama, akaniuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia bado.